Mchunguzi wa Mashine ya Salfa

Jumamosi, 29 Juni 2002

Nimerudi kutoka Nachingwea. Siku tatu za semina! Mbinu Bora za Mahojiano kwa Wachunguzi. Cheti ninacho, kina muhuri. Mke wangu Getruda alikiweka chini ya godoro. Nimekitoa, nimekitundika ukutani, mahali palipokuwa na kalenda ya kanisa.

Ukweli, nafasi ile ilikuwa ya Filbert, kamanda wetu wa mgambo. Aliteguka mguu akifukuza ngedere kwenye mahindi. Mwenyekiti Harithi akatafuta mtu anayejua kusoma na mwenye baiskeli nzima. Mimi ni fundi baiskeli. Sasa Filbert amekaa barazani kwake, mguu ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, anasema nitamsimulia yote niliyofundishwa. Sitamsimulia.

Siku ya kwanza: mpangilio wa viti. Mchunguzi akae juu, mhojiwa akae chini. Siku ya pili ilihusu kusikiliza. Hiyo sikuhudhuria, nilikuwa sokoni natafuta miwani nyeusi. Nimeipata. Siku ya tatu: dalili kumi za mwongo. Mwongo hakutazami machoni. Anageuza mwili. Anajikuna. Anatokwa jasho. Anataka kuondoka mapema. Anamsingizia mwingine. Nimeziandika zote.

Nafasi ya katibu wa kamati ya ulinzi na usalama ya kijiji iko wazi tangu Machi. Filbert anaitaka. Mimi naitaka zaidi. Kinachokosekana ni uhalifu. Kijiji hiki watu wake ni waaminifu mno, inakatisha tamaa.

Jumatatu, 1 Julai

Mungu si Athumani! Mashine ya salfa imepotea!

Ni ile ya kubeba mgongoni, inayonguruma na kurusha unga wa salfa juu ya mikorosho. Kijiji kina hiyo moja tu. Na sasa ndipo maua yanafunguka. Yasipopulizwa salfa kwa wakati, ubwiri unga unaingia, maua yanakauka meusi, na korosho za mwaka huu tutazisikia redioni. Kila mtu ana zamu yake. Zamu za wiki hii zimesimama zote.

Mzee Isihaka, mtunza ghala, amefungua asubuhi akakuta gunia la kufunikia limelala chini, mashine hakuna. Kufuli halikuvunjwa. Lakini ufunguo hukaa juu ya fremu ya mlango, na hilo linajulikana na kijiji kizima, pamoja na wageni.

Mwenyekiti Harithi aliita mkutano palepale. Akasema mashine isipoonekana mpaka Jumapili, siku ya Sabasaba, mzee Isihaka atavuliwa utunza ghala alioushika miaka kumi na sita, na jina lake litapelekwa kwenye kata kama mwizi. Mzee alikaa chini mchangani, palepale alipokuwa amesimama. Nilimwonea huruma sana. Pia nilisikia furaha. Nimegundua hivi viwili vinaweza kukaa moyoni siku moja bila kugombana.

Nikanyoosha mkono, nikaonyesha cheti. Nimepewa siku sita!

Amri yangu ya kwanza: usiri. Mwenye habari yoyote ya mashine asimwambie mtu mwingine ila mimi. Hata mwenyekiti asiambiwe. Habari zikizagaa, ushahidi unaharibika. Filbert akauliza, je, mtu akija tu mwenyewe akasema mashine ilipo? Watu wakacheka. Nikamwambia ndiyo maana hakupelekwa semina. Akasema hakupelekwa kwa sababu ya mguu. Sikuona haja ya kubishana na mgonjwa.

Jumanne, 2 Julai

Ofisi ya mahojiano ni banda langu la baiskeli. Nimekata miguu ya kigoda cha Getruda kwa msumeno ili mhojiwa akae chini inavyotakiwa. Getruda aliangalia. Chakula cha mchana kilichelewa.

Kabla sijamaliza kukata, akaja Awadhi.

Awadhi ni mtani wangu. Sisi babu alitutoa ng'ambo ya Ruvuma, wao ni wenyeji, na watu wa kwao na wa kwetu wanataniana tangu enzi za hao mababu. Mtani anakwambia lolote, wewe huna ruhusa ya kukasirika. Mwaka juzi alitangaza mnadani kwamba nimekufa. Watu wakaleta unga nyumbani. Mtoto wangu wa tatu alipozaliwa, alikuja na mkongojo akasema amekuja kumchukua mwanawe. Ni mtu mzuri sana.

Leo alivua kofia, akasimama mlangoni, akasema: "Mtani, mashine nimechukua mimi."

Nilicheka mpaka miwani ikaanguka!

Akaendelea. Eti iko Narung'ombe, kwa dada yake Sikuzani. Sikuzani ni mjane, kule kwao mashine hakuna, na maua yake yalishaanza kushikwa na ubwiri. Eti aliichukua Jumapili alfajiri, apulize, airudishe jioni, pasijulikane kitu. Bahati mbaya kamba ya kuwashia ikakatika. Anaona haya kuirudisha mbovu. Akaniomba, kwa kuwa mimi ni fundi, nichukue waya wa breki twende tukaitengeneze, nusu siku tu, mzee Isihaka asiadhirike bure.

Hata kamba ameifikiria! Watu hawa wamejaliwa. Nikamjibu sawa, na babu yake mimi ndiye niliyemuuza kwa pakiti ya tumbaku. Hakucheka. Mtani hodari hacheki utani wake mwenyewe. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamwambia leo nina kazi, aje siku nyingine tutaniane vizuri.

Daftarini nimeandika: Awadhi, utani.

Kisha kazi yenyewe. Mzee Isihaka alikaa kwenye kigoda, magoti yakafika masikioni. Nikavaa miwani. Nikamtazama. Hakunitazama hata mara moja! Macho chini, chini, chini. Dalili ya kwanza. Jasho, dalili ya nne. Getruda, ambaye alikuwa anapepeta mchele nje na hakuulizwa, akasema mzee yule akiulizwa na mtu wa serikali huangalia chini, ndiyo adabu aliyofundishwa. Getruda hana cheti.

Nikatumia mbinu ya ukimya. Mchunguzi ananyamaza, mwongo hawezi kuvumilia, anajaza. Tulinyamaza tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mzee alisinzia. Alipoamka aliomba ruhusa akasali.

Nimeandika "anatetemeka." Halafu nikasikia vibaya, nikamletea maji ya kunywa. Alishukuru mara mbili.

Jumatano, 3 Julai

Mbinu ya leo: mchunguzi mpole na mchunguzi mkali. Wanatakiwa watu wawili. Mimi niko mmoja. Nimeitatua hivi: nikivaa miwani ni mkali, nikiivua ni mpole.

Nilimjaribia Jonasi, maana shamba lake limepakana na ghala. Nikavaa, nikafoka. Nikavua, nikamuuliza watoto hawajambo. Nikavaa tena. Jonasi akachanganyikiwa, akauliza amjibu yupi. Nilipovaa mara ya sita akalia, akakiri kwamba mwaka 1994 alikula kuku wa jirani yake, kuku aliyejiingilia mwenyewe jikoni.

Kuku wa 1994! Kesi imefungwa! Nikaenda kumtaarifu jirani. Jirani hakuwa anajua kama aliwahi kupotelewa na kuku. Sasa anajua. Hawasemezani, na walikuwa wanasaidiana kulima.

Awadhi amekuja tena. Kumbe alipitia kwa Filbert, na Filbert, kwa kijicho, akamwambia habari za mashine zipelekwe kwa mwenye cheti. Nilikuwa nimelala chini ya baiskeli nafunga mnyororo. Akachuchumaa, akaongeza kwamba mashine iko chini ya uchaga wa Sikuzani, imefunikwa mkeka. Akaapa wallahi. Nikacheka, spana ikaniangukia usoni. Nikamshauri abadilishe hadithi kidogo, utani ukirudiwa unachuja. Akanishika mkono, akaniambia kuna wakati wa utani na kuna wakati wa kazi. Nikamwambia hayo ndiyo maneno yangu mimi!

Awadhi, utani. Mara ya pili.

Alhamisi, 4 Julai

Siku ngumu. Nimemhoji mama mkwe.

Sikutaka. Lakini shamba lake liko njiani kutoka ghalani, na watu wamesema Jumapili aliamka mapema. Nimejiuliza usiku mzima. Mkwe hatazamani na mama mkwe wake, hakai naye mkeka mmoja, jina lake halitaji. Lakini semina ilisema mchunguzi hana ndugu. Nikaandika wito: "Winfrida, unatakiwa kufika bila kukosa." Nikampa Getruda apeleke. Aliusoma mara mbili. Akauliza kama nina homa.

Mama mkwe alikuja amejifunika kanga mpaka puani. Hakuingia bandani. Aligeukia barabara, akaegemea ukuta kwa nje. Mimi nikauegemea kwa ndani. Nikauuliza ukuta. Mama mkwe akamjibu Getruda. Getruda akauambia ukuta kwamba mama anasema hivi na hivi. Muda wote nilikuwa naweka alama.

Hakunitazama. Aligeuza mwili wote. Alificha uso. Sauti ndogo. Alijikuna. Alitokwa jasho. Hakujibu mwenyewe, alijibu kwa kupitia mtu. Aliomba kuondoka mapema. Alama nane kwa kumi! Nilishtuka kama mtu aliyekanyaga siafu. Mama mzazi wa mke wangu!

Halafu akamalizia mwenyewe. Eti Jumapili alfajiri alimwona Awadhi na baiskeli, mzigo mkubwa kwenye keria, umefunikwa mkeka, anaelekea Narung'ombe. Yaani anamsingizia mtani wangu, mtu asiye na kosa! Kumsingizia mwingine nako ni dalili: alama ya tisa.

Tisa.

Jioni nilipita shambani kwake. Maua ya kwanza yameota unga mweupe, ncha zimeanza kuungua. Mikorosho ile ndiyo iliyotulisha mwaka Getruda alipolazwa. Kila Jumamosi tulikuta kikapu mlangoni, na yeye keshaondoka, ili nisije nikalazimika kumshukuru uso kwa uso. Nilisimama pale nikaumia, sitaficha. Nusura nichane daftari. Kisha nikakumbuka tisa ni tisa.

Awadhi alinikuta njiani akaniambia kitu kilekile, kwa sauti ya chini. Sikuwa na moyo wa kucheka. Utani, mara ya tatu.

Ijumaa, 5 Julai

Awadhi amezidi sasa. Leo ameleta kamba! Ameiweka mezani kwangu: kamba nyeusi, imekatika, inanuka petroli na salfa. Eti ndiyo ile ya kuwashia. Nilimsifu. Mtu kwenda kutafuta kamba kwa ajili ya utani tu, hiyo ni sanaa. Nimeitumia kufungia pampu ya Jonasi kwenye baiskeli yake. Imekaa vizuri.

Akasema hali wala halali. Akasema mzee Isihaka amepita msikitini watu wakasogea, akasali peke yake mwishoni mwa safu, na kosa si lake. "Mtani, niandikie, niweke dole gumba, uipeleke kwa mwenyekiti. Nisaidie." Macho yalikuwa yamejaa machozi. Ningekuwa na redio yangu ningemwajiri kwenye michezo ya kuigiza.

Basi nikaandika. Niliandika: "Mimi Awadhi nina akili za kuku." Haoni karibu bila miwani, na miwani yake ilivunjika. Akaweka dole gumba. Akaishika karatasi ile kwa mikono miwili, akanirudishia niipeleke, akaniombea dua, akaondoka anatembea wima kuliko alivyokuja.

Nimecheka peke yangu kidogo. Halafu nikaacha. Sijui kwa nini haikunoga.

Jumamosi, 6 Julai

Nimeandika ripoti kutwa. Kurasa kumi na moja, na jedwali la alama. Mzee Isihaka tano. Jonasi nne, na kuku. Mama mkwe tisa. Awadhi sikumweka, huwezi kumpa mtu alama za utani.

Filbert amepita mara mbili, anachechemea kwa fimbo. Mara ya kwanza aliangalia pampu ya Jonasi muda mrefu, akauliza kamba ile nimeipata wapi. Nikamwambia ni siri ya uchunguzi. Mara ya pili nilimwona mbali, amekaa kwenye jiwe na Awadhi. Awadhi anasema, Filbert ananyamaza tu, anatikisa kichwa. Haulizi hata swali moja! Hana mbinu kabisa. Baadaye nikamwona anafungua waya wa breki kwenye baiskeli yake mwenyewe. Kazi ya ovyo, angeniletea mimi ningeufungua vizuri.

Jioni Getruda ameliona jedwali. Hakupiga kelele. Amechukua sanduku lake, ameenda kulala kwao. Cheti bado kipo ukutani.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkutano saa nne, mbele ya ghala. Kijiji kizima. Mzee Isihaka alikuja na kanzu safi na ufunguo wa ghala mkononi, tayari kuukabidhi. Nilivaa miwani. Nikasoma ukurasa wa kwanza mpaka wa tisa. Nilipofika wa kumi nikanywa maji, nikasoma: mtuhumiwa ni mwanamke. Ni mkulima. Hana tabia ya kuwatazama watu machoni. Ana uhusiano wa ndoa na familia moja inayoheshimika hapa kijijini.

Vichwa vikageuka, kimoja kimoja. Mama mkwe akavuta kanga juu. Getruda akasimama. Sijawahi kumwona Getruda amesimama hivyo tangu tuoane.

Ndipo tukasikia mngurumo.

Awadhi! Anatokea njia ya Narung'ombe, mashine mgongoni, inawaka! Nyuma yake dada yake Sikuzani na kifuko cha salfa iliyobaki. Awadhi alikuwa haoni vizuri kwa sababu ya machozi, akageuka kuamkia meza kuu na bomba likageuka naye. Mwenyekiti Harithi akawa wa njano. Kamati nzima ikawa ya njano. Kurasa zangu kumi na moja zikaruka.

Mashine ikazimwa. Awadhi akapiga magoti mbele ya mzee Isihaka, si mbele ya mwenyekiti. Akasema aliichukua yeye, kwa ajili ya dada yake, na kamba ikamkatikia, na jana Filbert amempa waya wa breki. Harithi, huku anapangusa macho, akafoka kwa nini hakusema wiki nzima wakati maua ya watu yanaungua. Awadhi akanionyesha kidole. Akasema: "Nilimwambia siku ya kwanza. Nikamwambia ya pili. Nikamwambia njiani. Nikampelekea na kamba, na maandishi nikaweka dole gumba."

Kimya. Huo ndio ukimya wa kweli, si ule wa semina.

Mwenyekiti akaomba daftari. Sikuwa na pa kulificha. Akasoma kwa sauti: "Awadhi, utani. Awadhi, utani. Awadhi, utani." Halafu akakuta ile karatasi katikati ya kurasa. Akaisoma nayo. Dole gumba lilikuwa zuri, mistari yote inaonekana.

Walicheka. Jonasi alicheka, na jirani yake wa kuku akacheka, wakaegemeana, basi angalau hao wamepatana. Sikuzani alicheka mpaka akakalia salfa. Awadhi hakucheka. Aliniangalia tu, akauliza taratibu: "Hivyo ndivyo ulivyoniandikia, mtani?" Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Isihaka naye hakucheka. Alibaki ameshika ufunguo. Akamuuliza mwenyekiti kama sasa anaweza kwenda kufungua ghala. Akaambiwa aende. Alipofika mlangoni akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. Sitaki kukumbuka hilo.

Hukumu: Awadhi atapuliza salfa mashamba yote ya zamu zilizopita, kwa mgongo wake mwenyewe, akianza na la mzee Isihaka. Filbert ni katibu wa kamati ya ulinzi na usalama kuanzia leo. Wamempigia makofi. Mimi natakiwa kumpelekea mama mkwe majogoo wawili na kanga, na wazee wa kunisindikiza, maana peke yangu hawaniamini nitasema nini.

Jumatatu, 8 Julai

Majogoo wamepokelewa. Mama mkwe amemwambia Getruda aniambie kwamba amesamehe. Amemwambia pia aniambie kwamba mikorosho yake sita maua ya kwanza yameshaungua, wanategemea ya pili. Nilikuwa nimesimama hatua nne tu kutoka kwake, nikasikia yote, lakini ilibidi nisubiri Getruda arudie. Kusikia mara mbili kunauma mara mbili. Nilisema samahani, kwa sauti, nikiwa nimegeukia mwimo wa mlango. Nilimaanisha.

Getruda amerudi nyumbani. Amekalia kile kigoda kifupi, amenitazama kutoka kule chini, akauliza nimejifunza nini.

Nimefikiri kutwa nzima. Sikukimbilia jibu. Nimewaza habari ya kila siku, kila mbinu, kila alama. Na kosa nimeliona! Liko wazi! Semina haina makosa, viti havina makosa. Kosa ni utani. Utani ndio ulioharibu uchunguzi wote. Mtu alikiri, mimi nikaweka utani mbele. Haitatokea tena. Kanuni mpya, nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya cheti: ANAYEKIRI AMEKIRI.

Nimemwambia Getruda. Akafunga macho muda mrefu.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine umefungwa kwenye mkorosho.

Tulikuwa tunamzika mzee Lukasi. Miaka tisini na kitu, alikufa akiwa amelala, ameshiba. Msiba wa heri. Watu wametoka mpaka Nambilanje. Nilikwenda kuzika kama watu wengine, sikuwa na nia mbaya. Daftari hulibeba kila siku.

Kaburi lilipokuwa tayari, akatokea bi Hajira, bibi wa miaka sabini, akashuka kaburini akalala chali. Akasema hatoki. Akasema Lukasi hawezi kuzikwa mpaka wafiwa walipe jogoo, kwa sababu aliyemuua ni yeye Hajira, maana marehemu alimnyima ubwabwa mwaka 1961 na leo amelipiza. "Nimemuua mimi! Nimemuua kwa mikono yangu hii!" Na akacheka! Muuaji anacheka kaburini kwa mtu aliyemuua!

Wafiwa nao walikuwa wanacheka huku wanafuta machozi. Mtu mmoja akaninong'oneza kwamba bi Hajira ni mtani wa marehemu, ndiyo kazi yake. Nikamwambia hayo ndiyo yaliyoniponza mwanzoni mwa mwezi. Nikavaa miwani. Nikafika ukingoni. Nikamuuliza mara tatu, mbele ya mashahidi, kama ni kweli amemuua. Mara tatu akasema ndiyo. Ya tatu akaongeza kwamba atakayefuata ni mimi.

Kukiri mara tatu, na kitisho! Nikamshika mkono nimtoe, nimpeleke kwenye kata. Sijui kilichofuata kilikwendaje. Watani wa marehemu walinikamata wote pamoja. Awadhi alikuwa mbele, na kamba ile nyeusi ya mashine, sijui ameitoa wapi. Sasa nimefungwa hapa na wanadai jogoo ndipo waniachie. Getruda amewaambia majogoo wetu waliisha wiki ile nyingine. Wamemwendea mama mkwe. Mama mkwe amemwambia Getruda awaambie kwamba hanifahamu.

Mzee Lukasi wamemzika, amelala vizuri. Mzee Isihaka ameniletea maji ya kunywa, amenishikia kikombe.

Lakini mkono wa kulia wameniachia, na daftari ninalo. Sikupoteza muda. Kwa kuwa kumfunga mchunguzi ni kosa, nimewauliza hapohapo ni nani aliyetoa amri. Awadhi akasema mimi. Bi Hajira akasema mimi. Jonasi akasema mimi, jirani yake akasema mimi, Sikuzani akasema mimi na ningetoa tena. Hata mzee Isihaka alitazama chini, akasema polepole: mimi. Hata Getruda! Nimewaandika majina wote. Waliokiri ni ishirini na sita, kwa siku moja, bila kiti hata kimoja. Filbert tangu apewe ukatibu hajapata hata mmoja.